Kibao cha Mzee Chiwanga

Wadachi walipoleta gari moshi Dodoma, walileta na mawe. Si mawe ya kujengea, la. Ni yale yaliyochongwa yakapakwa chokaa, yanapandwa ardhini, kisha mtu unaambiwa huku ni mtaa wa Wazungu, huku ni madukani, kule ni kwa wenyeji, na ukivuka na ng'ombe wako utakiona cha mtema kuni. Nani aliwahi kusikia jiwe likaamua mtu alale wapi? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na aliyebisha aliitwa bomani, akarudi hawezi kukaa kitako.

Zaitun binti Shaban hakubisha. Alikuwa amekwisha choka. Kwao ni Mpwapwa, ambako babu yake alifika na misafara ya pembe, akatua mzigo, akakataa kuubeba tena. Nyumba ya babu ikavunjwa kupisha barabara. Zaitun akaolewa na Halfani, muuza nguo, wakaenda Kilimatinde kufuata wateja. Reli ilipopita mbali na Kilimatinde, wateja wakahama, nao wakahama nyuma yao. Wakaja Dodoma, wakasimamisha kibanda karibu na stesheni, na kumbe pale pametengwa kwa ajili ya mabehewa. Basi kila mara ni kufunga majamvi, kubeba vyungu na jiwe la kusagia, na kuanza kutafuta majirani upya, mama wa watu na mvi zake.

Kwa hiyo Halfani aliporudi siku moja akasema wamepewa kiwanja madukani, ndani ya mawe, kwa ruhusa kamili, Zaitun alikaa chini akalia. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Bwana, hapa mimi nitatoka kwa jeneza. Nisisikie tena habari ya kuhama."

"Inshallah," akasema Halfani.

"Usiniambie inshallah kwa sauti hiyo. Niambie ndiyo."

Halfani akamwambia ndiyo.

Lakini kiwanja cha Mdachi hakikuja bure. Askari alipita na ngoma akisoma amri, na amri zenyewe zilikuwa kama za mtu asiyewahi kuishi na watu. Tembe, zile nyumba za Wagogo zenye paa bapa la udongo, marufuku, nyumba iwe na kuta zilizonyooka na paa la bati. Ng'ombe asitie kwato madukani. Chakula kisiuzwe barabarani wala barazani, mwenye cha kuuza aende sokoni. Na kila duka lining'inize mlangoni kibao chenye jina la mwenye nyumba, kwa herufi za Kizungu, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Mkaguzi akipita akakuta mlango hauna kibao, kiwanja anapewa mwingine. Na hao wengine walikuwepo, wamekaa stesheni juu ya mizigo yao, wanaomba wenzao wakosee.

Zaitun alikuwa na vitumbua vyake, na vitumbua vyake vilijulikana mpaka kwa wajenzi wa reli. Amri ilipotoka alihamisha jiko kutoka barazani akaliweka ndani, kidogo tu nyuma ya kizingiti. Mteja anasimama miguu yake barazani, mkono unaingia nyumbani. Askari alikuja akalitazama jiko, akakitazama kizingiti, akajikuna shingo. Zaitun akampa kitumbua cha moto. Akala, akaenda zake. Si aliambiwa barazani? Hapa si barazani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa ameketi, uso kwa mlango, siku yule mzee alipokuja mara ya kwanza.

Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini. Jua la Dodoma saa hizo halina mzaha, mji wote hunyamaza, wenye maduka wanalala juu ya majora yao ya nguo, na barabara inabaki nyeupe na vumbi lake. Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya zizi, samadi mbichi na maziwa, harufu nzuri kwa aliyeizoea, ila hapakuwa na zizi karibu wala hapakuruhusiwa kuwa nalo. Zaitun akainua macho, akaona mzee amesimama barazani. Amevaa ngozi ya mbuzi begani, ndewe za masikio zimetobolewa zikaning'inia, mkononi ana fimbo. Mzee wa Kigogo wa zamani hasa, wa wale ambao walianza kupungua.

"Shikamoo, baba," akasema Zaitun.

Mzee akaitikia kwa Kigogo, na Zaitun alikijua Kigogo tangu utoto, kwa hiyo hakupata taabu. Mzee akauliza, "Wanangu wako wapi?"

"Wanao gani, baba?"

"Niliambiwa wanakuja nyuma."

Alitazama ukuta, akalitazama bati juu, akautazama mlango, kama mtu aliyefika kwake akakuta pamegeuzwa. Zaitun akamhurumia. Akatia vitumbua viwili kwenye kibakuli, akavisogeza kizingitini, akainama kugeuza vilivyokuwa kikaangoni. Alipoinuka, barazani hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa tupu huku na huku, na mzee wa umri ule hawezi kukimbia. Akavigusa vile vitumbua vilivyotoka motoni sasa hivi. Vilikuwa baridi, baridi ya maji ya kisimani.

Hapo hapo kibao kikaanguka. Kilikuwa kibao kizuri, Shaibu mchora vibao alikiandika kwa rangi nyeusi: HALFANI. Kilianguka kifudifudi vumbini, jina chini.

"Upepo," akasema Halfani alipoamka.

"Upepo gani? Hata jani halijatikisika."

"Basi misumari mibovu."

Akapiga misumari mingine, mirefu. Kesho yake mchana harufu ikaja, mzee akaja, akauliza swali lile lile, na kibao kikaanguka. Kesho kutwa vilevile. Halfani akakifunga kwa waya. Waya ukafunguka. Mzee mwenyewe Halfani hakumwona hata siku moja, maana saa hizo analala fofofo, lakini harufu aliisikia. Halafu wakaanza ng'ombe. Kundi lilikuwa likipelekwa stesheni, nje ya mawe kama ilivyoamriwa, mara jike mmoja akatoka kundini, akavuka, akaja mbio mpaka barazani kwa Halfani. Akasimama akilamba ukuta. Wengine wakamfuata. Askari wakawapiga, hawakuondoka mpaka jua lilipopinda. Majirani walicheka siku ile. Siku ya pili ng'ombe walipofanya hivyo tena, hawakucheka.

Zaitun aliogopa, kusema kweli. Alisoma alichojua kusoma, akafukiza ubani, akafunga mlango mchana. Mzee alikuja akasimama mbele ya mlango uliofungwa, na sauti yake ilisikika vizuri tu, wanangu wako wapi. Lakini pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomuudhi zaidi. Alijisikia kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake, na mwenye kiti amesimama pembeni, ana adabu mno, hasemi inuka.

Aliyemfungua macho ni Loisi. Huyu alikuwa mke wa Matonya, mfugaji anayeishi nyuma ya mlima Imagi, na alikuwa akimletea Zaitun maziwa kwa kibuyu. Zamani aliyauza kando ya barabara, mpaka askari walipommwagia chini kibuyu kizima, wakamwambia barabara si soko. Tangu hapo akawa anapitia uani, kimyakimya. Alikwisha batizwa na wamisheni wa Mvumi, ndipo alipopata hilo jina, ingawa mumewe alikataa maji hayo katakata. Siku hiyo alichelewa njiani, na mchana ukamkuta uani kwa Zaitun.

Harufu ilipokuja, Loisi aliweka kibuyu chini. Akajifunika kichwa, akapiga magoti akielekea mlangoni. Alikaa hivyo mpaka kibao kilipoanguka kule mbele, kisha akageuka, uso umemsawijika.

"Bibi," akasema, "tangu lini baba mkwe yuko hapa?"

"Baba mkwe wako? Yule mzee ni baba yake Matonya?"

"Simwoni, bibi. Lakini harufu ya zizi lake naijua, nimelifagia tangu nilipoolewa."

Zaitun akamkalisha, akampa maji. Na Loisi akaeleza, taratibu, kwa aibu, kwa maana aliona kama anasengenya wakwe.

Mzee alizikwa zizini mwake, kama wanavyozikwa wenye nyumba wote wa Kigogo, kati ya ng'ombe zake. Tembe lao lilikuwa upande wa pili wa reli. Ikaja amri kwamba tembe liko ndani ya mawe, wahame, na wakaonyeshwa pa kuhamia. "Wakatuonyesha hapa, bibi. Hapa hapa ulipo. Wakati ule hapa ndipo ulipoanzia mtaa wa wenyeji." Na kwao, mtu hahamii mahali kabla ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayetangulia, awe hai au awe amelala, ndipo watu na mifugo wafuate. Basi Matonya akaleta fahali zizini juu ya kaburi, akammwagia pombe ya mtama mgongoni, akasema, baba, tunahama, tangulia, sisi tunakuja nyuma yako. Akamtembeza fahali polepole mpaka kwenye kiwanja kipya, wakati huo ni kichaka kitupu. Fahali akajitikisa mwili mzima, wakajua mzee ameshuka. Wakarudi nyumbani kukata miti ya kujengea tembe.

"Halafu?" akauliza Zaitun.

"Halafu wakahamisha mawe."

Zaitun akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Ninyi watu. Mmemhamisha marehemu kabla mambo ya bomani hayajaisha. Mtu wa mjini angengoja muhuri."

"Sisi tulijua mkubwa akisema hapa, ni hapa," akasema Loisi.

Ng'ombe wao hawakutulia huko Imagi, Loisi akaendelea. Walilala nje ya zizi wameelekea mjini. Matonya mwenyewe alikuwa hali wala halali, maana mtoto aliyemwambia baba yake tangulia kisha asimfuate, huyo ni mtoto gani? Na dawa ilikuwepo, tena nyepesi: fahali aje mpaka hapa alipo mzee, amwagiwe pombe, mzee aambiwe mahali papya, waondoke naye. Lakini fahali ni ng'ombe, na ng'ombe haingii madukani. Matonya alikwenda bomani kuomba ruhusa. Bwana shauri, Mdachi mkubwa wa boma, alipotafsiriwa kwamba huyu anataka kuja kumchukua marehemu baba yake barazani kwa muuza nguo, alicheka mpaka akatoa miwani. Matonya akaja hivyo hivyo na fahali wake. Wakamkamata penye jiwe, wakamchapa viboko hamsa ishirini, wakamwambia mara nyingine fahali atachinjwa.

Zaitun alisikia uchungu. Alimwaza kijana wa watu amelazwa kifudifudi kwa sababu ya kumfuata baba yake, akatukana chinichini tusi ambalo sitalirudia hapa. Akamwambia Loisi, "Mwanangu, nitaongea na mume wangu. Patapatikana njia."

Na alikuwa na nia, mtu asimsingizie. Jioni alimweleza Halfani yote. Alisema fahali anaweza kupitishwa uani, alfajiri, askari hawajaamka.

Halfani alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa muuza nguo, na muuza nguo hupima. "Fahali hapiti uani bila kukanyaga kwa jirani," akasema. "Na jirani anakitaka kiwanja hiki kwa shemeji yake. Akimwona ng'ombe hapa, saa hiyo hiyo yuko bomani. Tena mkaguzi anapita siku yoyote kuanzia sasa, na kibao chetu kiko chini ya kitanda."

"Kwa hiyo mzee wa watu abaki hapa?"

"Mke wangu, kwani wewe unataka nini? Niambie wewe."

Zaitun alitaka mzee aende kwa wanawe. Alitaka pia kufa katika nyumba hii, na hili la pili alilitaka kwa nguvu zaidi, akalijua hilo akiwa amekaa pale, na halikumpendeza.

"Kibao kinaanguka kwa sababu kina jina langu," akasema Halfani. "Nimeliwaza sana. Yeye aliambiwa hapa ni kwake, halafu anakuta jina la mtu mwingine mlangoni. Hata mimi ningelitupa. Sasa amri inataka jina, haijasema liwe la mtu anayekula ugali. Tukiandika lake?"

"Tukiandika lake, atakuwa amepewa nyumba. Mwanawe atamtoaje tena?"

"Hilo sijui. Najua tu kwamba tukihama safari hii, hatuna pa kwenda."

Zaitun akasema, "Jina lake hatulijui."

"Muulize," akasema Halfani.

Angeweza kukataa. Angeweza kumwambia mumewe kwamba mzee alikataa kusema, na Halfani angejuaje? Kesho yake mchana aliketi nyuma ya kizingiti chake, kikaango motoni, na harufu ilipokuja aliinuka, akamwekea mzee kigoda. Hakuwahi kumwekea kigoda hata siku moja. Mzee akakitazama kigoda muda mrefu, kisha akaketi, fimbo katikati ya magoti.

"Wanangu wako wapi?" akauliza.

"Baba," akasema Zaitun, na sauti yake aliisikia mwenyewe ilivyokuwa tamu, "jina lako nani, nipate kukuheshimu nalo?"

Yule mzee alitabasamu. Zaitun alikuwa hajamwona akitabasamu. Inaelekea hakuna aliyemwita kwa jina tangu azikwe, maana wanawe walimwita baba tu, na jina la aliyekufa halitajwi ovyo. Akaketi wima zaidi.

"Chiwanga," akasema.

"Ahsante, baba Chiwanga."

"Wewe ni mkaza mwanangu mzuri," akasema mzee.

Zaitun aliinamia kikaango. Vitumbua viliungua siku hiyo, akavimwaga vyote.

Shaibu akaandika kibao kipya, CHIWANGA, herufi nene, na hakuuliza kitu, kwa kuwa mchora vibao akianza kuuliza hatapata kazi. Halfani akakipiga msumari mmoja tu, mdogo, makusudi, ili aone. Mchana ukafika, harufu ikaja, jua likapinda. Kibao kilikuwa pale pale. Upepo wa jioni ulipovuma, ule upepo wa Ugogo unaong'oa mabati, ulikitikisa kila kibao mtaani isipokuwa kile.

Mkaguzi akapita, Mdachi mwekundu na karani wake. Akasoma, akauliza Chiwanga ni nani. Halfani akasema ni jina la ukoo, bwana mkubwa. Akaambiwa vizuri sana. Majirani kulia na kushoto walipata maonyo, mmoja herufi zake ndogo, mwingine kibao kimeelekea uani. Duka la Halfani halikupata neno. Na jirani mwenye shemeji alinuna siku nzima, jambo lililomfurahisha Zaitun kidogo, nisiseme uongo.

Ng'ombe hawakuja tena barazani. Walipita mbali wakielekea stesheni, vichwa chini. Biashara ilichangamka. Mzee alikuja kila mchana, lakini hakuuliza tena habari ya wanawe. Aliketi kwenye kigoda chake mlangoni akitazama barabara, kama mzee yeyote aliye kwake. Siku nyingine aliinua fimbo akaonyesha jora la kaniki lililopangwa vibaya, na Zaitun akaenda kulipanga. Siku moja akamuuliza, "Yule mwanamume anayelala ndani ni mgeni wa nani?" Zaitun akajibu, "Ni mgeni wako, baba." Mzee akatikisa kichwa, akaridhika, akasema basi apewe maziwa.

Maziwa hayakuwepo, kwa kuwa Zaitun alikuwa amemwambia Loisi asilete tena. Alimwambia ana tumbo, maziwa yanamsumbua. Loisi alisimama uani na kibuyu chake akauliza, "Na lile neno letu, bibi? La njia?" Zaitun akamwambia bado analishughulikia. Mwanamke yule akamshukuru. Akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake, na Zaitun akajifungia chumbani.

Ndipo alipokuja Matonya mwenyewe.

Alikuja peke yake, bila fahali. Zaitun alimjua kwa uso, maana uso wa mzee ulikuwa pale pale, ila ni mweusi wa ujana na umekonda. Fahali alikuwa amemfunga kule mpakani, upande wa nje wa jiwe, pombe tayari mgongoni, na pengine alifikiri hivi: ikiwa fahali hawezi kumfuata mzee, mzee na atembee kidogo amfuate fahali. Wadachi walimlazimisha kubuni jambo ambalo babu zake hawakulibuni. Alisimama ng'ambo ya barabara, juani, mikono imening'inia, na mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake barazani, wametazamana macho kwa macho, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa akiona.

"Baba," akasema Matonya kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu askari walikuwa karibu. "Tulikosea. Nilikuambia hapa, si hapa. Twende. Fahali yuko karibu, ni hatua chache tu. Inuka, baba, twende kwa wajukuu."

Zaitun alimtazama mzee. Mzee aligeuza shingo polepole, akakitazama kibao juu ya kichwa chake, kisha akairudisha shingo. Hakuinuka.

Matonya alirudia. Alirudia tena, machozi yakimtiririka. Ngozi ya mgongo wake ilikuwa bado na makovu mabichi, yalionekana alipogeuka kuwaangalia askari. Mwishowe akavuka barabara, akasimama mbele ya kizingiti, akamwamkia Zaitun.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mke wangu aliniambia una moyo mzuri, kwamba unatutafutia njia." Akakionyesha kibao kwa kidevu. "Mama, mimi sijui kusoma. Hicho kimeandikwa nini?"

Mzee alikuwa kati yao, angeweza kuguswa. Zaitun aliona kila kitu kwa mara moja. Akisema kweli, kijana huyu atakishika kibao kwa mikono yake akivute, na kitatoka, kwa mkono wa mwana kitatoka tu. Mzee atainuka amfuate. Na kesho mlango utakuwa hauna jina, na watu wa stesheni wataona. Akawaza majamvi, vyungu, na barabara.

"Jina la mume wangu," akasema.

Matonya akakitazama tena kibao, kwa heshima, kama watu wote wasiojua kusoma wanavyoyatazama maandishi. "Basi pengine hayupo tena hapa," akasema. "Nimemwita hajibu. Ningemsikia. Labda amechoka kutungoja, amekwenda porini peke yake." Akajifuta macho. "Mzee wangu porini, mama, na alikuwa hapendi kulala peke yake."

Askari mmoja akaja akamwambia kama hanunui kitu atoke, barabara si ya kusimama. Matonya akaomba radhi, akaondoka. Zaitun alimfuata kwa macho mpaka penye jiwe. Aliona anamfungua fahali, anamfuta mgongo kwa kiganja, halafu wanaelekea Imagi, fahali mbele, yeye nyuma, polepole, kama wanaosindikiza mtu. Hakuwa anamsindikiza mtu. Zaitun alitaka kumkimbilia, mwili mzima ulitaka, na miguu yake ilibaki nyuma ya kizingiti.

Usiku alimwambia Halfani, "Alikuja." Halfani akauliza, "Ukamwambia nini?" Akamwambia. Halfani alivuta pumzi, akamshika mkono, akasema sasa hakuna wa kututoa humu. Na kweli hakuna aliyewatoa. Mawe yalihamishwa tena baadaye, mitaa ikabadilishwa majina, majirani wakaja na kuondoka, lakini nyumba ile haikuguswa.

Kesho yake mchana Zaitun aliketi mahali pake, kikaango motoni. Harufu ilikuja, mzee akaja akakaa kwenye kigoda. Aliitazama ng'ambo ya barabara, pale pale, hata mkono akaukinga usoni dhidi ya jua.

"Mkaza mwanangu," akasema.

"Naam, baba."

"Yule kijana aliyesimama pale jana, aliyekuwa analia. Ni nani?"

Zaitun alikigeuza kitumbua, akakigeuza tena.

"Mpita njia tu, baba," akasema.

Mzee akafikiri. "Basi akipita tena," akasema, "mpe maji. Inaonekana hana baba."